Mtahiniwa Namba Moja kati ya Mmoja

Katika nchi hiyo, ambayo jina lake halitatajwa hapa kwa sababu kamati ya kutafuta jina lenye kupendeza zaidi haijamaliza vikao vyake, kufeli kulikomeshwa mwaka wa tatu wa utawala uliopo. Haikuwa kazi ngumu kama watu walivyodhani. Wataalamu walikaa, wakachunguza, wakagundua kwamba wanafunzi hufeli katika masomo wanayofanyia mitihani. Yale wasiyoyafanyia mitihani hawayafeli hata kidogo. Basi wizara, ambayo tangu siku hiyo iliitwa Wizara ya Elimu, Ufaulu na Matokeo Mazuri, ikatoa waraka wa kuwashauri wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita wayaache masomo yenye kuleta huzuni. La kwanza kwenye orodha ya huzuni lilikuwa Hisabati ya Juu. Mahali pake pakawekwa somo jipya, Uchangamfu wa Taifa, lenye karatasi mbili za mtihani: kupiga makofi kwa nadharia, na kupiga makofi kwa vitendo.

Sikudhani Chambuso hakuusikia waraka huo. Hakuwa mkaidi. Siku uliposomwa alikuwa mstarini kama wenzake, mikono nyuma, lakini alikuwa akifikiria pembe moja iliyomsumbua tangu asubuhi, na maneno ya mkuu wa shule yakampita pembeni.

Darasa lake lilikuwa na wanafunzi wanane. Wawili walihama Jumatatu, wanne Jumatano... hapana, watatu Jumatano, wa nne akafuata Alhamisi baada ya kulia kidogo. Wote waliondoka na viti vyao. Hivyo Ijumaa akabaki Zawena peke yake, rafiki wa tangu darasa la kwanza, aliyekaa naye dawati moja na kula naye mihogo ya kukaanga katika sahani moja. Na sasa, kumbe, Zawena naye alikuwa anafunga begi, polepole sana.

"Twende, Siku," alisema. "Kule ni kupiga makofi tu. Mwalimu akisema jambo, unapiga. Akinyamaza, unapiga kidogo."

"Na mkimaliza kupiga?"

"Tunafaulu."

Sikudhani alitazama ubao. Palikuwa na mlinganyo uliofika katikati, umesimama kama mtu aliyesahau alichokuwa anataka kusema. "Ngoja nimalize hili," alisema.

Zawena alingoja. Aliketi juu ya dawati akining'iniza miguu kwa dakika ishirini nzima, kisha kengele ikalia akaenda zake. Sikudhani alipopata jibu aligeuka kumwonyesha, akajikuta anakinyooshea chaki kiti kitupu.

*

Kanuni za shule hazikuwa na habari za upweke. Kila darasa sharti liwe na kiranja, kwa hiyo Sikudhani akawa kiranja. Kila asubuhi alisimama mbele, akafungua daftari la mahudhurio, akaita "Sikudhani Chambuso!", akatembea hadi kwenye dawati lake, akaketi, akajibu "Nipo!", akarudi mbele kuweka alama ya vema. Kila Ijumaa alipaswa kupeleka ofisini orodha ya wapiga kelele. Yeye alikuwa na tabia ya kuongea na hesabu ikimkataa: "Njoo, njoo, usikimbie, nimekuona." Kwa kuwa alikuwa mkweli, akajiandika. Akaadhibiwa kufagia uwanja, na kwa kuwa ndiye kiranja, akajisimamia.

Mwalimu alikuwepo hadi katikati ya Machi. Aliitwa Mwinjuma Kondo, mtu mwembamba mwenye sauti ya chini, ambaye alifundisha akiwa ameupa ubao uso na darasa mgongo, kana kwamba ubao ndio uliokuwa na shida zaidi. Bahati mbaya serikali ilimwazima kwa siku moja. Palikuwa na sherehe ya kumbukumbu uwanjani, na ikatakiwa idadi ya waliohudhuria. Magazeti yalikuwa yameshaichapa tangu jana yake: milioni moja na nusu. Ilibaki mtu wa kuhesabu ili iwe hivyo. Mwalimu Kondo alihesabu safu, akazidisha, akatoa wauza barafu na askari, akaandika kwenye karatasi 4,316, akatia saini, akaikabidhi ofisini kwa uso wa kawaida kabisa.

Hakufungwa. Nchi hiyo haifungi mtu kwa sababu ya hesabu. Alipandishwa cheo, akafanywa Mkuu wa Mizani ya malori huko Kipera Mpakani, mwendo wa siku mbili kwa basi, mahali ambapo, kwa maneno ya barua ya uhamisho, "atapata namba zote anazozitaka."

Sikudhani akamwandikia. Barua ya kwanza ilirudishwa na posta ikiwa na muhuri: IMEKATALIWA, INA ALAMA ZISIZOSOMEKA. Kanuni ilisema wananchi waandikiane kwa maneno. Basi wakaandikiana kwa maneno.

"Mpendwa mwanafunzi," aliandika Mwalimu Kondo, "chukua kitu usichokijua, ukizidishe chenyewe kwa chenyewe, upunguze mara tano yake, ujumlishe sita, nawe utaona hakuna kilichobaki. Niambie ni kitu gani. Hapa mvua haijanyesha. Ni mimi, Kondo, Mizani."

"Mpendwa Mwalimu, shikamoo. Ni mbili, au ni tatu, na sioni sababu ya kupendelea mojawapo. Hapa imenyesha."

Huko kulikuwa kumsalimia tu. Wiki baada ya wiki maswali yakawa magumu, na barua zikawa ndefu. Alipofika kwenye kalikulasi, Mwalimu Kondo alieleza hivi: "Usiniulize lori limefika wapi. Niulize, pale lilipopita kwenye kidole changu, lilikuwa linakwenda kasi gani. Hapo watu husema lori lilikuwa limesimama, maana kidole ni kimoja. Wewe usikubali." Sikudhani aliisoma aya hiyo mara nyingi hata karatasi ikalegea kwenye mikunjo. Kwa kipindi hicho chote hakuna binadamu mwingine aliyemwambia neno lililomhusu, ukiacha mama yake, aliyekuwa fundi cherehani na aliyemwambia ale.

*

Mwezi Juni orodha ya watahiniwa ilifika mezani kwa Waziri, Mheshimiwa Daktari Bakilana, ambaye udaktari wake alitunukiwa na chuo alichokizindua mwenyewe. Alisoma: *Hisabati ya Juu, watahiniwa: 1.* Akafoka. Nani amemruhusu huyu? Akamwita Katibu wake.

"Mheshimiwa," alisema Katibu, "hebu tuliangalie kwa utulivu. Akifaulu, taifa limefaulu Hisabati ya Juu kwa asilimia mia."

Waziri aliketi. "Na akifeli?"

"Asilimia sifuri."

Waziri aliinuka akafunga dirisha. "Na akifaulu kidogokidogo?"

"Bado ni mia, Mheshimiwa."

Jioni hiyohiyo redio ilitangaza kuundwa kwa Kamati ya Kitaifa ya Maandalizi ya Mtahiniwa, wajumbe sitini na wanne, na wiki iliyofuata Sikudhani akazinduliwa. Utepe ulifungwa kwenye mlango wa darasa yeye akiwa ndani. Waziri akaukata, akaingia, akamkuta.

"Ndugu wananchi!" alisema, akiwa ameushika mkono wa Sikudhani juu kama samaki aliyevuliwa. "Mataifa makubwa yana watahiniwa maelfu kwa maelfu, na ndiyo maana yamegawanyika! Mmoja anapata hili, mwingine lile! Sisi tuna mmoja. Taifa zima limeungana ndani ya kichwa kimoja! Wapo wanaobeza kwamba kichwa ni kidogo. Nasema si kidogo. Kimekolea!"

Wanafunzi wa Uchangamfu wa Taifa, waliokuwa wamepangwa nje kwa ajili ya mtihani wao wa majaribio, walipiga makofi kwa vitendo. Zawena alikuwa mstari wa mbele. Alipiga vizuri kuliko wote, viganja vikikutana katikati ya kifua kama kanuni inavyotaka. Sikudhani alimtazama, akamkonyeza. Zawena alikuwa anautazama mkono wa mwalimu wake ili ajue wakati wa kuacha.

Tangu siku hiyo Sikudhani akawa mali ya taifa, na mali ya taifa haiguswi. Ilipitishwa kwamba maneno ya watu huichosha akili, kwa hiyo yeyote aliyetaka kuzungumza naye sharti awe na kibali, na kibali kilitolewa kwa maneno kumi kumi. Muuza mihogo akawa anampa sahani kwa mikono miwili, kimya, kama anayetoa rambirambi. Majirani walimpungia kwa mbali. Picha yake ilibandikwa kwenye kuta za mji mzima, chini yake maandishi: ASILIMIA MIA INASOMA, TUSIPIGE KELELE. Watoto wakasahau jina lake. "Asilimia huyo! Asilimia anapita!" walinong'ona, wakikimbia kumpisha njia.

"Mama," aliuliza siku moja akirudi kutoka shule, "Zawena alikuja?"

"Alikuja, mwanangu. Hakuwa na kibali. Aliacha salamu pale getini, mlinzi wa Kamati akaziandika, akasema zitakufikia kwa utaratibu."

"Alisema nini hasa?"

Mama alitoa mguu kwenye kanyagio la cherehani akafikiri. "Alisema mambo mengi, lakini mlinzi aliandika 'salamu'."

*

Ikabaki miezi miwili na ushee mtihani ufanyike, ndipo ikagundulika kwamba hakuna mtihani. Baraza la Mitihani lilitafuta mtu wa kuutunga, likakosa. Mtunzi wa mwisho alishateuliwa kuwa balozi. Waziri akaja mwenyewe darasani na Katibu wake, wakakaa kwenye madawati, magoti yakigusa kidevu.

"Binti yangu," alisema Waziri kwa sauti ya baba, "wewe ndiye mtaalamu pekee tuliye naye. Tumeamua kukuamini. Utatunga mtihani, utaufanya, na utausahihisha."

Sikudhani alidhani hakusikia vizuri. "Na nikijipa mia?"

"Tutakupongeza."

"Na nikijipa arobaini?"

"Tutakushauri ujisahihishe upya."

Katibu alicheka. Sikudhani hakucheka. Alitazama madawati matupu nyuma ya wageni wake. Ungeweza kudhani kwamba msichana aliyepewa mtihani wa namna hiyo angefurahi, na kweli, kwa kitambo kidogo alijiona amelala siku nzima bila kufungua daftari. Kisha akahisi kitu kama baridi.

"Mheshimiwa, naomba unisamehe," alisema. "Swali nililolitunga mwenyewe nitakuwa nimeshalijua. Tangu Machi nimekaa na kichwa changu peke yangu. Nakijua chote, hakina chumba nisichokiingia. Nataka swali la mtu mwingine."

"La nani?"

"La Mwalimu Kondo, wa mizani."

Waziri alimgeukia Katibu. "Kondo? Si yule aliyekosea?"

"Ndiye, Mheshimiwa."

"Alikosea nini vile?"

Katibu alikohoa. "Alipata jibu."

Walitoka nje wakashauriana chini ya bendera. Sikudhani aliwaona kupitia dirishani: Waziri akinyoosha vidole, Katibu akivikunja. Waliporudi, walikuwa na karatasi. Serikali, kwa huruma yake, imekubali Kondo atunge na asahihishe. Ila kanuni ya mitihani ni msumeno: mtunzi na mtahiniwa hawawasiliani. Barua zikome leo. Aweke saini hapa, na hapa, na hapa.

Ndani ya daftari lake palikuwa na barua ya juzi ambayo hakuwa ameijibu. Ilimalizika kwa maneno, "Hapa kuna mbwa aliyejileta mwenyewe, nimempa jina la Pai kwa sababu haishi kuzunguka. Niambie unaendeleaje." Sikudhani alishika kalamu muda mrefu kiasi kwamba Katibu akaangalia kama ina wino. Halafu akatia saini, hapo, na hapo, na hapo.

*

Wiki nane zilizofuata Kamati ilimwandaa kwa nguvu zote. Ilimletea kwaya iliyoimba kanuni za logarithimu, ikiwa imekosea mbili. Ilimletea vichwa vya samaki kila siku hadi paka wa mtaa mzima wakahamia kwao. Ilimletea daktari aliyempima mzunguko wa kichwa kila Jumatatu, na magazeti yakaripoti kwamba kichwa kimetulia. Hakuna aliyemletea mtu wa kumuuliza, "Hapa umefanyaje?"

Alijifunza namba changamano peke yake, na vekta, na uwezekano. Alirudia barua zote za Mwalimu Kondo kuanzia ya mvua. Akifika kwenye jambo asilolielewa, alikuwa anafikiria angemwandikiaje, na mara nyingine katika kulipanga kwa maneno jambo lilieleweka, na hilo lilimwuma zaidi, kwa kuwa sasa hata sababu ya kuandika hakuwa nayo. Taratibu akaacha kuongea na hesabu. Ijumaa moja alipeleka ofisini orodha ya wapiga kelele ikiwa tupu. Mkuu wa shule akamwadhibu kwa kuficha wahalifu.

Siku ya mtihani ikafika. Ukumbi ulikuwa umepangwa madawati sitini na tano, kwa kuwa televisheni ya taifa ilisema mtahiniwa mmoja hajazi picha. Wajumbe wote wa Kamati waliingia wakiwa wamevaa sare za shule, mashati meupe na tai, sketi za bluu na suruali za bluu, zote zimeshonwa na mama yake Sikudhani kwa vipimo ambavyo hakuwahi kuvikata maishani mwake. Waziri mwenyewe, naye mjumbe, alikaa mstari wa mbele, peni tatu mfukoni. Kila mmoja alipewa karatasi.

Sikudhani alifungua yake. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu asaini zile karatasi, alijisikia hayuko peke yake. Swali la kwanza lilikuwa la upole, la kumtoa mtu wasiwasi. La pili lilikuwa na kona. Kwenye swali la nne palikuwa na mtego, na mtego uliwekwa mahali palepale ambapo yeye hupenda kukimbilia jibu kabla ya kuangalia. Mtu aliyeuweka alimfahamu. Akaingia mtegoni, akagundua ameingia, akatoka na nusu ya maksi zake, na akajikuta anatabasamu akiwa ameinamia karatasi.

"We binti," alinong'ona mjumbe wa dawati la kulia, mzee mwenye mvi aliyebanwa na tai, "la kwanza umepata ngapi?"

"Mheshimiwa, tunakatazwa kuongea."

"Haya." Akailegeza tai. "Mimi nimeandika jina langu tu. Na nadhani nimelikosea."

Swali la tisa lilihusu mkulima mwenye wavu wa uzio wa mita mia moja na ukuta uliosimama tayari. Alitaka kuzungushia shamba la mstatili, akitumia ukuta kama upande mmoja ili kuokoa wavu. Eneo kubwa kabisa analoweza kupata ni lipi? Sikudhani alilisoma mara tatu. Alilifanya, akalirudia kwa njia nyingine, jibu likawa lilelile. Aliandika mita za mraba mia tisa, akapigia mstari.

*

Matokeo yalitangazwa uwanjani. Sikudhani Chambuso alikuwa amepata sabini na sita. Ufaulu wa taifa: asilimia mia. Wastani wa taifa: sabini na sita. Waziri alilia machozi mbele ya kamera na kusema kwamba hakuna nchi duniani ambayo wananchi wake wamekaribiana kiasi hicho.

Sheria za nchi hiyo hazina upendeleo. Mwanafunzi wa kwanza kitaifa hupewa cheti cha heshima. Wa mwisho kitaifa hupewa barua ya onyo. Asubuhi Sikudhani alipanda jukwaani akapewa cheti, Waziri akamshika mkono. Mchana akaitwa tena jukwaani, akasomewa onyo, kurasa tano, Waziri huyohuyo akimtikisia kichwa kwa masikitiko. Siku hiyohiyo Hisabati ya Juu ikafutwa rasmi, ili rekodi isije ikaharibiwa na watu.

Vibali navyo vikafutwa, maana hapakuwa tena na mtahiniwa wa kulindwa. Zawena akaja, wakakaa uani. Walizungumza habari za nywele, na za mchumba wa Zawena, na za kazi aliyoahidiwa, ya kupiga makofi bungeni. Kila Sikudhani alipomaliza sentensi, viganja vya Zawena viliinuka kidogo kutoka mapajani, kisha vikarudi. Wote wawili walijifanya hawajaona. Alipoondoka waliagana vizuri.

Kilichomsumbua Sikudhani zilikuwa maksi ishirini na nne. Kumi na mbili alijua zimekwendaje: mtego wa swali la nne, na sehemu moja ya vekta aliyoishiwa muda. Nyingine kumi na mbili hakuziona zilikopotelea. Akaomba aone karatasi yake ya majibu. Akaambiwa ni urithi wa taifa na iko Makumbusho. Akaenda Makumbusho. Ilikuwa kwenye kabati la kioo, chini ya taa, imefunguliwa ukurasa wa kwanza, penye jina lake.

"Naomba nigeuze kurasa," alimwambia mama wa ulinzi.

"Hairuhusiwi kugusa, mwanangu."

"Mimi ndiye niliyeiandika."

Yule mama alimtazama, akatazama picha ukutani, akatazama tena. "Pole," alisema. "Hairuhusiwi."

*

Basi la kwenda Kipera Mpakani liliondoka alfajiri, na siku ya pili saa saba mchana likamshusha kando ya mizani. Malori yalikuwa yamepanga foleni ndefu kwenye vumbi. Kwenye kibanda cha bati alikaa mtu mwembamba aliyevaa kizibao cha rangi ya machungwa, mbwa akimzunguka kiti. Alikuwa mdogo kuliko Sikudhani alivyomkumbuka. Labda kwa sababu sasa alimwona kwa mbele.

"Shikamoo, Mwalimu."

Mwalimu Kondo aliinuka, akakaa, akainuka. "Marahaba. Swali la tisa."

"Kumbe ni la tisa. Nimekuja kuuliza hilo."

"Nilikuwa najua utakuja au hutakuja," alisema, akitafuta kigoda cha pili ambacho hakikuwepo, mwisho akampa kiti chake na yeye akakaa juu ya ndoo. "Ulikuwa unakwenda vizuri kweli. Nilikuwa nageuza kurasa nacheka peke yangu humu, madereva wakanifikiria nimerukwa na akili. Nikafika la tisa. Nikaona umeandika sitini. Nikajiuliza, mtoto huyu sitini ameitoa wapi? Nimeitafuta sitini hiyo siku mbili. Nikasema amechoka. Nikakata maksi zote kumi na mbili." Akajifuta uso na mkono wa kizibao. "Jibu ni elfu moja mia mbili na hamsini. Ishirini na tano kwa hamsini. Unalijua hili, Sikudhani. Hili unalijua."

Hakuna aliyemwita kwa jina lake katika mazungumzo kwa muda mrefu.

"Upande wa hamsini ungekaa kwenye ukuta, Mwalimu?"

"Ndiyo. Kwenye ukuta."

"Ukuta wa mita ishirini?"

Lori lilipanda juu ya mizani, likapiga honi. Mwalimu Kondo hakugeuka.

"Ukuta gani wa mita ishirini? Niliandika 'ukuta mrefu'."

"Karatasi ilisema, 'Mkulima ana wavu wa mita mia moja, na ukuta wa mita ishirini.' Naikumbuka neno kwa neno. Ukuta ukiisha, inabidi wavu uendeleze. Ndiyo nikapata urefu na upana jumla yake ni sitini. Thelathini kwa thelathini."

"Mia tisa," alisema Mwalimu Kondo taratibu.

"Mia tisa."

Ilikuja kujulikana kwamba Kamati Ndogo ya Heshima ya Dola iliona "ukuta mrefu" unaweza kuwakumbusha wananchi ukuta wa Ikulu, ikaufupisha kuwa wa kiasi. Mtunzi hakuambiwa. Aliomba nakala ya maswali ili asahihishie, akajibiwa kwamba maswali ni siri na mtunzi haruhusiwi kuyajua.

Mwalimu Kondo alichukua karatasi ya kuandikia uzito wa malori, akaipindua, akachora ukuta mfupi, akachora wavu. Alikokotoa yote kwa alama, haraka, midomo ikicheza. Thelathini, thelathini, thelathini na kumi: wavu mia moja kamili. Alipomaliza aliweka kalamu chini, akatazama mikono yake.

"Basi si sabini na sita," alisema. "Ni themanini na nane. Niliona namba nisiyoielewa, nikadhani kosa ni lako. Nisamehe sana. Nitaandika wizarani leo hii."

"Mwalimu, hawatakubali. Wastani wa taifa umeshasomwa kwenye hotuba. Hata stendi ya mabasi wameibadilisha jina. Nimepandia basi hapo jana, Stendi ya Sabini na Sita."

Honi nyingine ikalia, na nyingine nyuma yake. Mbwa aliacha kuzunguka, akalala juu ya kiatu cha Sikudhani, na Sikudhani hakuuondoa mguu.

"Themanini na nane," alisema Mwalimu Kondo tena, safari hii kwa kumwangalia.

"Themanini na nane."

Kwa hiyo wakawa watu wawili katika nchi nzima wanaolijua hilo. Nje ya kibanda mambo yalibaki vilevile: malori, vumbi, bendera. Sikudhani aligundua analia, na kwamba kulia huku hakukuwa na shida yoyote, kama mtu anavyotokwa jasho.

"Basi lako la kurudi ni saa ngapi?"

"Saa kumi."

Mwalimu Kondo alitazama saa yake, akavuta karatasi nyingine safi ya mizani, akamsogezea kalamu ya pili. "Tuna saa mbili na nusu," alisema. "Sasa tuseme ukuta umepinda."

Taarifa ya Mizani ya Kipera kwa siku hiyo ilionyesha kwamba kuanzia saa saba na nusu mchana hadi saa kumi hakuna lori hata moja lililopatikana kuwa limezidisha uzito. Waziri wa Barabara alilisifu taifa kwa uzalendo.